Mguu wa Punda wa Mama Minza

Devotha mwanangu,

Usicheke mwandiko. Darasa la tatu nilitoka mwenyewe kwa miguu yangu, hakuna mwalimu aliyenifukuza, ingawa waliponiona natoka hakuna hata mmoja aliyenikimbilia. Mama yako alitaka aniandikie, nikamwambia hii siyo ya kuandikiwa. Kalamu naishika kama jembe, lakini na jembe nalo linalima.

Sitakwambia ule vizuri, wala uende kanisani, wala usimwamini mtu wa stendi anayekuita dada. Hayo mama yako ameyasema tangu juzi, na kila akimaliza anaanza upya. Begi lako amelifunga, akalifungua akatia mchele, akalifunga, akalifungua tena akatia mchele mwingine. Ukifika huko chuo cha mifugo watadhani umekuja kufungua duka. Mimi nina neno moja tu, lile ambalo mimi na wewe tumekuwa tukilizunguka humu ndani kama chatu aliyelala mlangoni. Ni mguu wa punda wa Mama Minza.

Najua ulikuwepo. Lakini upande wangu hujausikia, na mimi ni mtu wa kusimulia, sijui kuanzia katikati.

Unamjua baba yako. Hapa Mlabani mtu akitaka kucheka ananitafuta mimi, na akitaka kutibiwa punda ananitafuta mimi. Vyote viwili vilianzia Kivukoni, kabla ya daraja, nilipokuwa nafunga kamba za pantoni. Punda wa mfanyabiashara mmoja alichanwa mguu na chuma cha mlango wa pantoni. Watu wakapiga kelele, mwenye punda akashika kichwa. Mimi nikatafuna tumbaku, nikamtemea kwenye kidonda, nikafunga na kipande cha kanga. Baadaye yule bwana akarudi, punda mzima, akaniletea jogoo na kunitangaza njia nzima mpaka Mahenge. Hadithi hiyo umeisikia mpaka imekuotea masikioni. Ambacho sijawahi kukwambia ni kwamba yule punda alivuka akaenda zake siku ile ile, nikakosa nafasi ya kumwekea dawa ya pili. Angebaki mikononi mwangu wiki moja, yule jogoo nisingemla.

Na kwa kuwa leo nimeshika kalamu, ile hadithi ya kiboko niliyemng'oa jino ni uongo. Ya mamba ni kweli. Haya, ya mamba ni nusu.

Basi nikawa daktari wa punda kwa sababu ya punda mmoja aliyenikimbia. Majivu, oili chafu, tumbaku, mrututu wa dukani, ile dawa ya chengachenga inayounguza, nondo iliyopashwa moto. Waliopona nikawasema, waliokufa nikasema waliletwa wamechelewa. Wakati huo huku bondeni punda walikuwa wachache, kwa hiyo hata uongo wangu ulikuwa mchache. Wasukuma walipoingia na ng'ombe wao na mikokoteni yao, kazi ikaongezeka, na uongo nao ukanenepa.

Mama Minza alikuja kipindi hicho na mume wake, Mungu amrehemu. Wazee wetu na wazee wao hawakuwa na utani, lakini mimi na yule mama tukajitengenezea wetu. Nikimkuta namuuliza kama leo amekuja kuiba ardhi gani, naye ananiuliza kama sisi watu wa mtoni tumeshajifunza kuoga. Alipompata yule punda dume nikamwambia mnyama mwenye uso ule lazima ni ndugu wa mume wake, tumwite Shemeji. Jina likashika. Ni utani mtamu, ule wa kutukanana mpaka mtu anaomba maji. Kumbuka hilo la utani, maana ndilo lililonikaba.

Alipofiwa, Shemeji ndiye akabaki kichwa cha nyumba. Anavuta mpunga kutoka shamba mpaka mashineni, anavuta maji, anavuta na wagonjwa. Usiku wanamfunga miguu kwa kamba ya manila asiingie kwenye mpunga wa watu, na kamba ikamkata mguu wa nyuma, juu kidogo ya kwato, pale ambapo hakuna kitu, ni ngozi juu ya mfupa. Akaletwa kwangu. Nikapaka majivu na oili.

Nyama ikaanza kuota. Nyekundu, yenye punjepunje, ikajaza shimo lote. Nikafurahi kama nimejifungua. Sisi tunajua hivyo, mwanangu, kidonda kikijaa nyama kinapona, tumefundishwa hivyo tangu tunajikwaa utotoni. Nikaita watu. Nilimtoa hadi fundi cherehani kwenye cherehani yake aje aone. Nikawaambia, tazameni, daktari wa serikali angechukua mwezi.

Ndipo ukaja wewe, umetoka kumsaidia bwana mifugo kuogesha ng'ombe, miguu yote matope. Ukachuchumaa, ukatazama muda mrefu mpaka watu wakanyamaza. Ukaniamkia kwanza, shikamoo baba, halafu ukasema kwa sauti ya chini hiyo nyama imezidi. Ukanionyesha kwa kidole bila kugusa. Kwamba ngozi mpya inatoka pembeni, inatambaa kuelekea katikati, na nyama ikishakuwa juu kuliko ngozi, ngozi inafika pale inasimama.

"Ngozi haiwezi kupanda mlima, baba."

Hayo ndiyo maneno yako. Nami nikafanya nini? Nikakuuliza mbele ya watu kama chuo umeshakimaliza kabla ya kukianza. Nikasema ngozi haina miguu, itapandaje mlima, au huko kwenu vitabuni ngozi inavaa viatu? Watu wakacheka sana. Niliwachekesha kwa uso wako. Ulisimama ukapangusa matope kwenye goti, ukaenda kuzungumza na Mama Minza pembeni.

Yeye akakuruhusu. Nilikuona siku zile zote, nilijifanya nasuka kamba lakini nilikuwa nakuona. Unachemsha maji na chumvi, unayaacha yapoe, unaosha polepole huku unamwimbia Shemeji nyimbo za kwaya. Unaweka kitambaa safi, unazungushia bandeji kwa kukaza sawasawa, siyo kama mimi ninayekaza kama mzigo wa kuni. Ukamwambia Mama Minza asimtembeze, asimfunge kamba mguuni, na bwana mifugo akirudi kutoka kwenye chanjo ng'ambo ya mto ataikata ile nyama iwe sawa na ngozi. Mama Minza akashtuka kusikia kukata. Ukamwambia nyama ile inatoka damu nyingi lakini haina maumivu, haina hisia kama nyama nyingine. Mimi nikacheka kwa pua.

Lakini ilikuwa inapungua. Ile bandeji ilikuwa inaikandamiza, na pembeni kulikuwa na mstari mwembamba wa ngozi mpya, wa rangi kama ndani ya mdomo wa mtoto. Niliuona. Naandika hapa niliuona, ili nisije kesho kutwa nikasimulia kwamba sikuuona.

Halafu shangazi yako wa Mang'ula akafariki, wewe na mama yako mkaenda msibani. Mimi nikabaki nyumbani na kiuno, kile kiuno kinachoniuma kukiwa na msiba wa mbali. Asubuhi yake nikaenda kwa Mama Minza akiwa shambani, nikafungua bandeji yako.

Nimejisemea maneno mengi kuhusu asubuhi ile. Nilisema kidonda kikifunikwa kinaoza. Nilisema nilimhurumia mnyama. Uongo, Devotha. Nilifungua kwa sababu kidonda kilikuwa kinapona na siyo kwa mkono wangu. Hiyo tu, wala usitafute kingine humo.

Nikasaga mrututu, nikaupaka mzito, juu ya nyama na juu ya ule mstari wa ngozi. Nikapasha nondo, nikachoma penye kilele. Shemeji hakunipiga teke. Ningefurahi kama angenipiga. Alitetemeka tu, mguu umening'inia, akageuza shingo akanitazama kama anayetaka kujua nimeshamaliza. Nikamwambia tulia bwana, mimi ndiye mwenye kazi hii.

Mliporudi kutoka Mang'ula ule mstari ulikuwa umekufa, umekuwa mweusi kama ganda la sufuria, na nyama imerudi kwa hasira, imefura pande zote kama uyoga wa mvua za kwanza. Shemeji hakanyagi. Mama Minza akaanza kubeba maji kichwani, mwanamke wa umri ule.

Lakini kabla hujarudi, kuna la mashineni.

Alinikuta pale kwenye mashine ya kukoboa, watu wamejaa, foleni ya magunia mpaka nje. Hakunitania. Akauliza ni nani aliyegusa mguu wa punda wake. Mashine ilikuwa imezimwa wabadilishe mkanda, kwa hiyo kila mtu alisikia. Nami nilikuwa katikati ya hadithi, watu wamenizunguka, nilikuwa nimefika mahali patamu. Mdomo ukasema wenyewe.

"Muulize daktari wenu Devotha. Si ndiye anayeenda chuo?"

Wakacheka. Nilisema kama utani, mwanangu, na utani una mlango wa nyuma, ukibanwa unatokea huko. Mimi sikutokea huko kusema natania. Mama Minza alitazama chini akasema kumbe, akaondoka. Mimi nikaendelea na hadithi yangu mpaka mwisho. Hata mwisho sikuuharakisha.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Wenye mbuzi waliokuwa wanakuita uwatibie wakaacha kukuita. Mdogo wake Mama Minza, yule anayeishi karibu na chuo, aliyesema utakaa kwake kama mwanawe, akatuma ujumbe kwamba chumba kimepata mtu. Chumba hakijapata mtu. Mama Minza alimwambia mama yako sokoni, mbele ya dagaa, kwamba hawezi kumpelekea mdogo wake msichana anayeunguza mnyama halafu akajificha msibani. Mama yako akarudi akilia, akaniuliza kama najua lolote. Nikamwambia Wasukuma wana maneno mengi. Mimi, nikamwambia mwenzangu kwamba wengine ndio wenye maneno mengi.

Na wewe ulijua. Ulipofika ulinusa tu ule mguu, ukatazama vidole vyangu, mrututu haufichiki, ulikuwa bado umenikaa kwenye kucha, rangi ya kijani kibichi. Nilisubiri upige kelele. Hukupiga. Siku zikapita, watu wanakusema, unaosha vyombo, unakunja nguo zako za chuo. Nikashindwa, nikakuuliza kule jikoni kwa nini huwaambii watu. Unakumbuka ulivyonijibu? Hukuinua hata kichwa.

"Mimi naondoka, baba. Wewe ndiye unayebaki hapa."

Nilitoka nikaenda kukaa chooni, ndipo mahali pekee katika nyumba hii mtu hakuulizi unafanya nini. Nimewahi kutukanwa na manahodha, na mapolisi, na bibi yako mzaa mama ambaye alikuwa na kipaji. Hakuna aliyewahi kuniweka mahali pangu kama wewe ulivyoniweka kwa kunihurumia.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nikajipa moyo. Mama Minza alikuwa amekaa pale kwa muuza vitumbua na wenzake. Nikaenda nikasimama mbele yao nikasema mtani, yule punda nimemuunguza mimi. Wakatazamana, wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza nimeamkia pombe gani. Mama Minza mwenyewe akatikisa kichwa akasema baba ni baba, anambebea mwanawe mzigo, hata uongo wa leo ni wa huruma. Wakanisogezea kigoda. Wakaniagizia chai.

Nikakaa, Devotha. Nikainywa ile chai. Walikuwa wananisifu kwa kuwa baba mwema, na sikuwaambia tena. Kila nikimeza kitumbua nasema sasa, sasa hivi, nikimaliza hiki. Vikaisha, nikaaga.

Maisha yangu yote nimewafundisha watu kwamba nikifungua mdomo wajiandae kucheka. Sasa nina neno moja la kweli na sina mdomo wa kulisemea. Huko uendako utakutana na wazee wa namna yangu, kila kijiji kina mmoja, amebeba chupa yake ya dawa na sifa zake. Usimtukane. Muulize ameweka nini kwenye kidonda, atakudanganya. Kaa, osha, muulize tena polepole wakati watu wameondoka. Atasema akiona huna haja ya kumcheka. Mimi ningesema. Nadhani ningesema.

Leo jioni, ulipokuwa unasukwa nywele, nilikwenda kwake peke yangu. Alikuwa anapepeta mchele uani, Shemeji amesimama kwa miguu mitatu chini ya kibanda. Nikapiga hodi kama mgeni. Nikasema habari za jioni, Mama Minza, poleni na kazi.

Ungo ukasimama hewani. Miaka yote hiyo sijawahi kumsalimia vizuri.

"Nani amekufa?"

Nikamwambia hajafa mtu. Hakuniamini, alianza kutafuta kanga ya kujifunga aende msibani. Nikamuomba akae. Nikavua kofia, nikamweleza yote kuanzia bandeji, nondo, mpaka chai ya Jumapili, nimeyasema kwa mpango kama ninavyokuandikia, bila kumkonyeza, bila kuongeza kiboko. Kila nilipohisi utani unapanda kooni niliumeza, na unapanda sana, hujui unavyopanda mtu akiwa anaona aibu. Nikamwonyesha kucha.

Alizitazama. Kisha akauliza Devotha alikuwa wapi siku ile. Nikasema Mang'ula, msibani, na hakurudi mpaka mguu ulipokwisha haribika. Akauliza kama wewe unajua. Nikasema unajua. Akauliza kwa nini hukusema. Nikamwambia ulivyonijibu jikoni. Hapo yule mama akaweka ungo chini, akanipa mgongo, akakaa hivyo. Sikujua kama analia au anatafuta kitu cha kunipiga nacho. Ningevipokea vyote viwili.

Aliporudi kunitazama hakuniita mtani. Akaniuliza, kana kwamba hakuwepo, jina lako nililitaja wapi. Nikasema mashineni, mbele ya watu.

"Basi kasemee huko huko. Hapa kwangu umesema kwa mtu mmoja."

Bwana mifugo amerudi jana kutoka kwenye chanjo. Yeye na Mama Minza wameshaongea. Kesho asubuhi anaikata ile nyama pale nje ya mashine, kwa kuwa pana maji na sakafu ya saruji, na Mama Minza anataka bandeji ifungwe na wewe, siyo na mwingine yeyote. Basi lako linapita pale pale, dereva nimemwambia atakupakia hapo. Mimi nitashika kichwa cha Shemeji. Bwana mifugo anasema baada ya kukata itabidi kufungwa na kubadilishwa kwa muda mrefu, na huenda nyama ikarudi, ikakatwa tena. Huenda asivute mkokoteni tena. Nimekubali kumbebea yule mama maji, mimi na kiuno changu. Nimemwomba bwana mifugo anionyeshe kukaza bandeji. Alinitazama hivi, akasema tutaona.

La chumba cha mdogo wake nilimuuliza Mama Minza. Akasema hilo ataliongea na Devotha, hataliongea na mimi. Kwa hiyo sijui, sikuahidi kitu. Ukiona hutaki kusimama pale, ukiona uso wangu utakuharibia safari, chukua bodaboda mpaka stendi, upande basi huko. Sitakulaumu, na punda nitamshika vile vile.

Barua hii naiweka juu ya begi lako uione ukiamka, maana mdomoni ningeanza na mzaha, nawe ungenicheka kwa heshima, tungeishia hapo.

Nimejifunza maneno nitakayosema. Ni haya: huyu punda nilimuunguza mimi kwa mkono wangu, nikamsingizia mwanangu, naye alikuwa Mang'ula. Basi. Najua watacheka, nimewazoesha. Nitasubiri wamalize, halafu niseme tena. Wakicheka tena nitasema tena, kwa sauti ile ile, mpaka mmoja wao aache kucheka. Tafadhali, mwanangu, usinionee huruma ukaniokoa katikati.

Baba yako